Hita ya gari haitoi joto? Anzia kwenye maji kabla hujafungua dashibodi

Ukiishi Tanga mjini, hita ya gari ni kitu cha kusahaulika kabisa. Kuanzia Raskazone hadi Pongwe, mwaka mzima mtu anatafuta ubaridi. Kwa hiyo hita ikifa, inakufa kimya, na hakuna anayejua. Unakuja kujua siku una safari ya Lushoto mwezi wa Julai. Umetoka alfajiri, umepita Muheza, Segera na Korogwe, umefika Mombo ukaanza kupandisha. Kabla hujaingia Soni ukungu umeshalala barabarani, kioo cha mbele kinatoka jasho kwa ndani, unazungusha swichi hadi mwisho wa alama nyekundu, na kinachotoka ni kijiupepo kisicho na baridi wala moto.

Mimi yalinikuta hayo nikiwa na mama mkwe kiti cha mbele. Mkono mmoja usukani, mwingine nafuta kioo kwa kanga aliyonipa, na kila nikifuta, baada ya pumzi mbili tatu kioo kimerudi kuwa cheupe. "Mkwe wangu, simama kwanza. Tutafika tu," akaniambia. Nilisimama mara tatu kati ya Mombo na Lushoto, njia ya kilomita 33 hivi, bonde likiwa upande mmoja na malori ya mboga yakishuka upande wa pili. Tangu siku hiyo siihesabu tena hita kuwa anasa. Kwa anayepanda Usambara, hita ni kifaa cha kuonea njia.

Nimeandika hapa mpangilio ninaoufuata mimi, kuanzia jambo la bure hadi la gharama. Nausisitiza mpangilio huu kwa sababu nimeona magari yakivuliwa dashibodi nzima, vibanio vikavunjika, siku mbili gereji, kumbe tatizo lilikuwa maji pungufu kwenye rejeta.

Hita inapata wapi joto

Hita ya gari la petroli au dizeli haina moto wake. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, ukubwa wa daftari nene hivi. Maji yaleyale yanayopoza injini yanapita humo yakiwa ya moto, blowa inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, hewa inatoka imepata joto. Basi.

Ukilielewa hilo umeelewa karibu kila kitu kinachofuata. Ili upate joto unahitaji injini iliyopata moto, maji ya kutosha, njia iliyo wazi, na upepo wa kulisukuma hilo joto likufikie. Kimoja kikikosekana, hita inapooza. Na vitatu vya kwanza kati ya hivyo ni afya ya injini yenyewe, kwa hiyo hita dhaifu mara nyingi ni taarifa ya mapema kuhusu ugonjwa mkubwa zaidi.

Kwanza jiulize: upepo ni mdogo, au joto ni dogo?

Watu husema "hita haifanyi kazi" wakiwa na maana mbili tofauti kabisa, na fundi akishika ile isiyo yako atakula pesa yako bure.

Washa gari, liache lipate moto, weka blowa kwenye namba ya juu kabisa, kisha weka kiganja mbele ya tundu la katikati. Kama hewa ni ya moto lakini inatoka kidogo, mfumo wa maji uko sawa; tatizo ni upepo. Kama hewa inatoka kwa nguvu lakini haina moto, achana na blowa, nenda kwenye maji.

Tumalize la upepo maana ni jepesi. Magari mengi yana filta ya hewa ya ndani, ambayo mafundi wengi huiita filta ya AC, na kwenye Toyota nyingi ndogo iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kisanduku kinashuka kwa kubana pembe zake mbili. Vuta filta uiangalie kwenye mwanga. Ya kwangu ilikuwa na majani makavu ya mwarobaini, vumbi jekundu na nywele za paka, na ilikuwa imejikunja kama mkeka uliolowa. Nadhani haikuwa imeguswa tangu gari lilipotoka Japani. Usiisafishe kwa maji. Ni ya karatasi, nunua nyingine.

Kama blowa inafanya kazi kwenye namba ya juu tu, na namba za chini zimekufa, hiyo ni rezista ya blowa. Ni kifaa kidogo chenye skrubu mbili, kinakaa karibu na blowa yenyewe. Kama haizunguki kabisa, anza na fyuzi, kisha rilei (ile swichi ndogo ya umeme), ndipo umwite fundi umeme. Ikizunguka huku ikipiga kelele ya kukwaruza, kuna kitu kimeingia kwenye feni, na mara nyingi ni majani au kiota cha panya.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe.

Angalia maji, gari likiwa limepoa

Asubuhi, kabla hujawasha. Usifungue mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto hata kama unaharakisha vipi. Maji yamo ndani kwa shinikizo, yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukilegeza mfuniko yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Nimemwona kijana mmoja aliyeungua hivyo kuanzia kidevu hadi kifuani.

Fungua mfuniko wa rejeta wenyewe, usitosheke na kopo la akiba. Kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta ina pengo, kwa sababu mfuniko uliochoka haunyonyi maji kutoka kwenye kopo. Maji yanatakiwa yafike shingoni. Yakiwa chini hata lita moja, hita ndiyo ya kwanza kuumia, maana ile rejeta ndogo kwa kawaida imekaa juu, na hewa hukimbilia juu. Dalili yake naijua kwa sikio: ukiwasha gari unasikia mchuruziko nyuma ya dashibodi, kama mtu anamimina maji kwenye mtungi. Nyingine ni hita kutoa joto ukikanyaga mafuta na kupoa ukisimama kwenye foleni.

Ukijaza na baada ya siku chache yamepungua tena, usiendelee kujaza tu. Tafuta yanakokwenda: kwenye mipira, pampu ya maji, rejeta, au ndani ya injini. Gari likiwa la baridi, mfuniko wazi, washa uangalie shingo ya rejeta. Mapovu yasiyokwisha, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, yanaashiria kuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imeharibika. Hapo sahau hita kwanza. Peleka gari kwa fundi wa injini kabla halijachemsha.

Ukiwa hapo hapo, angalia rangi. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ikiwa nzuri ni safi, iwe ya kijani, nyekundu au ya waridi. Ukikuta maji ya kutu, rangi ya chai ya maziwa, umeshapata nusu ya jibu.

Themostati iliyong'olewa

Hili ndilo ninalolishikia kidedea, kwa sababu ndilo linaloua hita nyingi za pwani.

Themostati ni mlango mdogo wa chuma unaozuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka injini ipate moto. Nyingi zimegongwa namba inayoonyesha joto la kuanza kufunguka, kwa mfano 82 au 88. Gari likichemsha mara moja, fundi anakwambia: "Bosi, hii toa tu. Huku kwetu joto, ya kazi gani?" Unakubali, maana gari halichemshi tena. Lakini sasa maji yanazunguka rejeta kubwa muda wote, na ukipanda kwenye hewa ya baridi ya Magamba, huko juu ya Lushoto, injini haifikii kabisa joto lake. Hita inabaki na uvuguvugu. Injini nayo inakula mafuta zaidi, kwa sababu kompyuta yake inaamini kila mara ndiyo kwanza imewashwa.

Kuna ubaya mwingine ambao wengi hawaambiwi. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato pale injini inapopata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Kwa hiyo dawa uliyopewa ya kuzuia kuchemsha inaweza kukuchemshia gari siku una mzigo na mlima.

Utajuaje kama yako haipo, au imekwama wazi? Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Ikichukua muda mrefu sana kuzima, au ikizima halafu ikawaka tena unaposhuka mlima, themostati ni mshukiwa wa kwanza. Kwa gari lenye mshale, tazama kama unakaa chini sana ya katikati hata baada ya nusu saa barabarani. Njia nyingine ni kushika mpira mkubwa wa juu wa rejeta dakika mbili tatu baada ya kuwasha gari la baridi. Kwenye injini nyingi, mpira huo unatakiwa ubaki baridi kwa muda, kisha upate moto kwa ghafla. Ukiona unapanda taratibu tangu mwanzo sambamba na injini, hakuna kinachoyazuia maji.

Ukishaitoa, ipime nyumbani. Chemsha maji kwenye sufuria, iningʼinize kwa uzi isiguse chini. Tanga tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo kabla hayajatokota itakuwa imeshafunguka wazi wazi. (Ukilifanya jaribio hilo Lushoto, mita 1,400 hivi juu, maji yatachemka kwenye 95 hivi, bado inatosha.) Itoe ipoe, lazima ijifunge yote, usione mwanga. Unaporudisha, weka gasketi mpya, na kale kapini kadogo kanakochezacheza kwa injini nyingi kanakaa upande wa juu, maana ndiko hewa inakotokea.

Shika mipira miwili

Kama maji yapo na injini inapata moto vizuri, fungua boneti na utafute mipira miwili ya ukubwa wa kidole gumba inayoingia kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na ndani ya gari. Hiyo ndiyo njia ya kwenda na kurudi ya hita. Gari likiwa na moto, hita ikiwa kwenye nyekundu, iguse haraka kwa kitambaa, ukiangalia mkono usikaribie mkanda wala feni.

Yote miwili ya moto sana: maji yanapita vizuri. Tatizo liko ndani ya dashibodi, kwenye mlango wa kuchanganya hewa ya moto na ya baridi.

Mmoja wa moto na mwingine wa baridi au vuguvugu: rejeta ndogo imeziba, au ina hewa. Yote miwili ya baridi: maji hayafiki kabisa. Gari likiwa na valvu ya hita, kama Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani, angalia kama kebo yake inaisogeza unapozungusha swichi. Chungulia pia kama mipira hiyo miwili haijaunganishwa yenyewe kwa yenyewe hapo nje. Rejeta ndogo ikivuja, fundi hupitisha mpira wa mkato na kuiacha hita nje ya mzunguko. Ni suluhisho halali la kukufikisha nyumbani, ila kuna wanaouza gari hivyo bila kusema neno.

Kusafisha rejeta ndogo

Maji ya visima vyetu ya pwani yana chumvi na chokaa. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni chokaa, na saruji inayotengenezwa Pongwe inatokana na chokaa hiyohiyo. Fungua birika la nyumbani linalochemshia maji ya kisima uone ganda lililoshika chini. Ganda kama hilo ndilo linalojenga kwenye vijinjia vyembamba vya rejeta ndogo ukiwa unajaza gari maji ya ndoo.

Gari likiwa limepoa, weka beseni chini, legeza bendi za mipira yote miwili pale ukutani. Mpira ukiwa umeganda, usiuvute kwa nguvu. Uzungushe kwanza, na ukikataa upasue kwa kisu kwa urefu wake. Mpira ni rahisi kununua, lakini ukivunja bomba la rejeta ndogo umejitafutia kazi ya kuvua dashibodi.

Chukua mpira wa bustani, anza kuingiza maji kupitia bomba la kurudi, yaani kinyume na mkondo wa kawaida. Fungua bomba kidogo tu. Usikubali upepo wa kompresa, kwa kuwa viungo vya rejeta hiyo ni laini na ikipasuka inapasukia ndani. Nilipofanya kwa gari langu, kwanza yalitoka maji mekundu kama ya tope la Muheza, halafu yakasita, halafu vikaanza kutoka vigamba vyeupe vyembamba, vinavunjika ukivibana vidoleni. Nilibadilisha upande mara nne au tano hadi maji yakatoka meupe na kwa nguvu ileile niliyoyaingiza.

Yakiendelea kutoka kwa kudondoka, changanya siki nyeupe na maji ya moto nusu kwa nusu, jaza, acha nusu saa, suuza sana. Kostiki soda usiguse, hata ukiambiwa inasafisha kama uchawi: inakula aluminiamu, na rejeta nyingi za siku hizi ni za aluminiamu.

Kujaza na kutoa hewa

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Umesafisha, umefunga, umejaza haraka haraka, hita bado baridi, kwa sababu umefungia hewa ndani.

Paki gari kwenye mteremko, pua ikiwa juu, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko hita. Weka hita kwenye joto la mwisho. Jaza taratibu, ukiminya mpira mkubwa wa juu kwa mkono; kila ukiminya utaona povu likipanda. Injini nyingine zina skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka yatoke maji matupu. Washa gari mfuniko ukiwa wazi, endelea kuongeza kadiri yanavyoshuka, subiri mpaka feni ya rejeta iwake mara moja au mbili. Zima, funga, liache lipoe kabisa, kisha ongeza tena. Siku inayofuata asubuhi angalia upya, kwa kawaida litakuwa limekunywa kidogo.

Jaza kulanti. Kama ni ile nzito ya kuchanganya, nusu kwa nusu na maji ya betri, yaani yale yaliyosafishwa, na hakikisha dukani hawajakupa ya asidi. Rangi si kipimo cha aina; soma kopo, na usichanganye mbili usizozijua. Ile ya zamani usiimwage mtaroni. Ni tamu na ni sumu, paka au mbuzi akiilamba anakufa figo.

Kama mipira ni ya moto na hewa bado baridi

Ni mlango wa ndani. Zungusha swichi kutoka baridi kwenda moto polepole, blowa ikiwa chini, na usikilize. Magari ya kebo utahisi swichi imelegea bila uzito, maana yake kebo imechomoka kwenye klipu yake, na mara nyingi unaifikia ukilala chali kwenye sehemu ya miguu. Magari ya mota hutoa mlio wa tik-tik-tik, meno ya plastiki yamekatika. Kama upande mmoja wa gari ni moto na mwingine baridi, rudi kwanza kwenye usafi wa rejeta ndogo kabla ya kulaumu mota.

Na kama kioo kinashika ukungu wenye mafuta, usiofutika vizuri, na kuna harufu tamu ndani, inua zulia la upande wa abiria. Likiwa limelowa maji yasiyo na harufu, ni bomba la kutolea maji ya AC limeziba. Likiwa na unyevu unaoteleza vidoleni na rangi ya kulanti, rejeta ndogo inavuja, na hapo ndipo dashibodi inafunguliwa kwa haki.

Ukiwa tayari njiani

Ukungu ukikukuta kwenye kona za Soni na hita dhaifu, zima kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili uingize ya nje, elekeza upepo kiooni, na washa AC pamoja na hita. AC inakausha hewa, na ndiyo inayofuta jasho la kioo haraka. Wengi wanaona ajabu kuwasha vyote viwili, lakini hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kinyume chake, ukiwa unapandisha kutoka Mombo na mshale wa joto unapanda, zima AC, washa hita yote na ufungue madirisha. Ni rejeta ya pili, inapunguza moto wa injini. Lakini kama mshale unapanda na hita ghafla inatoa hewa ya baridi, maji yamekwisha. Hapo usijaribu kufika kijiji kinachofuata. Weka gari pembeni, zima, weka mawe nyuma ya matairi, na usiguse mfuniko kwa muda wa saa nzima.

Mimi siku hizi, wiki moja kabla ya kupanda, nawasha hita kutoka Kange hadi Pongwe madirisha yakiwa wazi, na kipimajoto cha jikoni nimekichomeka kwenye tundu la katikati. Nikiona kimefika nyuzi 50 na kuzidi, naenda kumwambia mama mkwe aandae mizigo yake.